Joto Haliui Mtu Kenya, Angalau Kwenye Karatasi

1. Kila mwaka kati ya Januari na Machi, jua likianza kuchoma, kuna hoja mbili ambazo nimezisikia redioni, mikutanoni na humu mitandaoni hadi nimezikariri. Mheshimiwa mmoja husimama akasema joto litaua watu 250,000 kila mwaka, kwa hivyo nchi tajiri zitulipe. Mwingine humjibu: hebu nionyesheni Mkenya mmoja aliyekufa kwa joto, na cheti chake cha kifo. Watu hupiga makofi pande zote mbili, mjadala unaisha.

2. Uzi wa leo ni mrefu kidogo, kwa hivyo chukua chai. Sitataja mtu wala chama. Nataka tuangalie historia: vifo vya joto vilianzaje kuhesabiwa, na zile namba za miaka ijayo hutoka wapi. Ukifika mwisho utaona kwamba hawa waheshimiwa wawili wanabishana juu ya daftari ambalo hakuna aliyelifungua.

3. Tuanze na mwili. Ukipata joto, moyo unasukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi ili joto litoke, na unatoa jasho. Kijana mwenye afya anavumilia. Lakini mzee mwenye presha, mama mwenye kisukari, mtoto mchanga, ama mtu wa mjengo anayebeba kokoto saa nane mchana bila maji, moyo na figo zao hufanya kazi kupita kiasi. Wengine huzimia na kufa papo hapo. Wengi zaidi hufa kwa ugonjwa waliokuwa nao tayari, siku hiyo au siku mbili tatu baadaye.

4. Sasa daktari ataandika nini kwenye cheti? Ataandika moyo. Ama figo. Ama kiharusi. Na hajadanganya, kwa sababu moyo kweli ndio ulisimama. Joto lilipita pale kama mwizi aliyevaa glavu: kazi imefanyika, alama za vidole hakuna. Ndiyo maana kudai cheti kilichoandikwa "joto" ni kudai kitu ambacho hata nchi zenye hospitali kubwa kubwa hazina kwa wingi.

5. Basi wengine wanahesabu vipi? Fikiria mwenye duka mtaani anayeuza mikate 40 kila siku, mwaka mzima. Siku moja anauza 70. Hajui ni nani hasa walinunua ile 30 ya ziada, hawezi kukupa majina yao. Lakini anajua kwa hakika kuna kitu kilitokea mtaani siku hiyo. Vifo ni hivyo hivyo. Ukijua kawaida ya vifo kwa siku, ile ziada inakueleza jambo hata kama vyeti viko kimya. Watafiti huviita vifo vya ziada.

6. Wazo hili ni la zamani. London, miaka ya 1840, karani wa takwimu aitwaye William Farr alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kusajili vifo, ofisi iliyoanza usajili mwaka 1837. Mafua makubwa yalipoingia mwaka 1847, aliona kwamba walioandikwa kufa kwa mafua ni wachache kuliko idadi iliyoongezeka kwenye daftari. Akalinganisha na kawaida, akaitazama ziada. Shika jambo moja hapo: hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu daftari lilikuwepo, na lilijazwa kila wiki.

7. Turuke hadi Chicago, Julai 1995. Tarehe 13 joto lilifika nyuzi 41 hivi, na usiku haukupoa. Kufikia wikendi mochari ya kaunti ilijaa, ikabidi malori ya friji yaletwe kuegeshwa nje. Daktari mkuu wa uchunguzi wa maiti, Edmund Donoghue, alianza kutoa namba za vifo vya joto, na namba zilipanda kila siku.

8. Unajua kilichofuata? Siasa. Uongozi wa jiji ulitilia shaka hadharani hesabu yake, kwamba si kila anayekufa siku ya joto ameuawa na joto. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Donoghue alikuwa na vigezo vyake: joto la mwili lililopimwa, ama mtu kukutwa ndani ya chumba chenye joto kali huku mara ya mwisho kuonekana hai ikiwa ni katika siku zile za joto. Wataalamu wa serikali kuu wa kudhibiti magonjwa walipopitia, waliona vigezo vyake vinasimama.

9. Kwa vigezo hivyo, vifo vilivyoidhinishwa vilikuwa 465. Halafu watu wakafanya ile hesabu ya ziada: wiki ya Julai 14 hadi 20 pekee, wakazi 739 zaidi ya kawaida walikuwa wamekufa. Kwa hivyo yule daktari aliyeshutumiwa kwa kuzidisha, kumbe alikuwa amepunguza. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 2002.

10. Ni nani walikufa? Wazee, hasa wanaoishi peke yao, wagonjwa wasiotoka nyumbani, watu wa ghorofa za juu wasio na kiyoyozi, mitaa maskini. Mwaka 1999 joto kali lilirudi Chicago. Safari hii jiji lilikuwa na mpango: tahadhari, vituo vya kupoa, watu wa kubisha mlango kwa mzee aliye peke yake. Walikufa kama 110. Bado ni wengi, lakini linganisha na 739.

11. Agosti 2003, Ufaransa. Madaktari wengi wako likizo, wazee wamebaki mijini. Madaktari wa vyumba vya dharura walipiga kelele, na kampuni za mazishi zikawa zimeshaona kazi imezidi, huku maafisa wakisema hali imedhibitiwa. Hesabu ya ziada ilipotoka ilikuwa watu 14,802 kati ya Agosti 1 na 20. Mkuu wa idara ya afya ya umma alijiuzulu mwezi huo huo. Kwa Ulaya nzima, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifikisha zaidi ya 70,000 kwa kiangazi hicho.

12. Hapa ndipo historia inaingia kwenye makadirio, kwa hivyo soma polepole. Baada ya 2003, Wafaransa waliunda mpango wa kitaifa wa joto na mfumo wa kufuatilia vyumba vya dharura kila siku. Julai 2006 joto kali likaja tena. Watafiti walichukua uhusiano wa joto na vifo wa miaka 1975 hadi 2003, wakauliza: kwa joto hili la 2006, ni vifo vingapi vya ziada tungetarajia? Jibu likawa 6,452. Vilivyotokea kweli vilikuwa 2,065 hivi.

13. Karibu watu 4,400 ambao hesabu ilisema watakufa, hawakufa. Je, hesabu ilikuwa ya uongo? Hapana. Hesabu ilisema: mkiendelea kama zamani, hawa watakufa. Wao hawakuendelea kama zamani. Nataka uikumbuke sentensi hiyo kila mtu akikutupia namba ya mwaka 2050.

14. Mfano wa tatu unatuhusu zaidi, maana si wa nchi tajiri. Ahmedabad, mji wa Gujarat, India, Mei 2010, nyuzi 46.8. Wakati wa joto lenyewe, picha kamili ya vifo haikuonekana. Baadaye watafiti walichukua daftari la vifo la mji, wakalinganisha Mei 2010 na Mei ya miaka ya jirani, wakakuta vifo 1,344 vya ziada. Yaani zaidi ya watu elfu moja walikuwa wamezikwa ama kuchomwa kwa heshima zote, bila mtu kujua kwamba wamekufa kwa jambo moja.

15. Mwaka 2013 mji huo ulizindua mpango wa joto, wa kwanza Asia Kusini. Mambo yake ni ya kawaida sana: tahadhari ya rangi, ujumbe wa simu, maji ya kunywa barabarani, wahudumu wa afya kufundishwa dalili. Kuna hospitali huko ambayo wodi ya watoto wachanga ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa lenye joto, ikashushwa ghorofa za chini. Hiyo tu. Utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mpango ulihusishwa na vifo pungufu takriban 1,190 kwa mwaka. Mwenyewe unaona: hesabu ilitangulia, mpango ukafuata.

16. Sasa tuingie kwenye makadirio ya miaka ijayo. Kwa Kiswahili tuna bahati ya neno "iwapo", na makadirio yote hukaa juu yake. Mtafiti hasemi kitu fulani kitatokea. Anasema iwapo hivi na hivi vitakuwa hivi, basi vifo vitakuwa kadiri hii. Anahitaji vitu vinne:
- Mstari wa joto na vifo: hapa mahali, joto likipanda kiasi fulani, vifo huongezeka kwa kiasi gani?
- Hali ya hewa ijayo: iwapo dunia itachoma mafuta na makaa kwa wingi, ama kwa uchache.
- Watu: watakuwa wangapi, na wazee watakuwa wangapi.
- Kuzoea: watakuwa na miti, maji, feni, stima, hospitali, tahadhari?

17. Mfano mdogo, namba za kubuni ili tuelewane tu. Kaunti ina vifo 10 kwa siku. Mstari unasema siku ya nyuzi 38 vifo hupanda kwa asilimia 10, yaani kifo 1 cha ziada. Leo kuna siku 20 kama hizo kwa mwaka: vifo 20. Iwapo mwaka 2050 kutakuwa na siku 60: vifo 60. Sasa tuseme daftari la kaunti linaandika nusu tu ya vifo, yaani 5 kwa siku. Hesabu ile ile itakupa 30 badala ya 60. Nusu ya watu imepotea kabla mtafiti hajaanza kazi, na hakuna aliyedanganya.

18. Watafiti wanajua shida hiyo, na hujaribu kuiziba kwa makadirio ya jumla ya watu na vifo vya nchi. Kinachokuwa kigumu kuziba ni ule mstari wenyewe. Huwezi kuujua mstari wa Garissa bila vifo vya Garissa vya kila siku na joto la Garissa la kila siku. Usipokuwa nao, unaazima wa mahali pengine. Ni kama kushona suti ya harusi kwa vipimo vya bwana harusi wa mji mwingine: inaweza kumkaa, inaweza kumbana.

19. Turudi kwa ile 250,000 ya mheshimiwa wa kwanza. Namba ipo. Ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2014: vifo vya ziada takriban 250,000 kwa mwaka kati ya 2030 na 2050 kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Lakini ifungue uone ndani: 38,000 ni wazee kuathiriwa na joto, 48,000 ni kuhara, 60,000 ni malaria, na 95,000 ni utapiamlo wa watoto. Ukijumlisha unapata 241,000, wakaifanya 250,000. Kwa hivyo anayesema zote ni za joto amezidisha zaidi ya mara 6.

20. Na bado hiyo 38,000 ni ya wazee tu. Mtu wa mjengo, mama wa shambani, mjamzito, mtoto, hawamo kwenye fungu hilo la joto. Kwa hivyo namba moja inaweza kutajwa kubwa mno na wakati huo huo ikawa imeacha watu nje. Ukiulizwa uko upande gani, sema uko upande wa kusoma jedwali.

21. Kuna hoja ya tatu huja kutoka kwa wale wasomi wasomi: ati baridi inaua kuliko joto. Ni kweli, kwa data iliyopo. Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa vifo zaidi ya milioni 74 kutoka maeneo 384. Baridi ilihusishwa na asilimia 7.29 ya vifo, joto asilimia 0.42. Lakini uliza swali la pili: maeneo hayo 384 yako wapi? Yako nchi 13, kuanzia Australia hadi Sweden, kutoka Brazil hadi Thailand. Za Afrika ni ngapi? Hakuna hata moja.

22. Na pale "baridi" maana yake ni siku yoyote iliyo chini ya kile kiwango ambacho vifo ni vichache zaidi, zikiwemo siku za ubaridi wa kawaida kabisa. Zaidi ya hayo, makadirio huuliza nini kitabadilika. Mtu akikuambia ajali za barabarani zinaua kuliko mafuriko, hajakujibu kama mafuriko yanaongezeka.

23. Wengine nao walijaribu kuangalia rekodi za majanga. Kuna hifadhi ya data ya kimataifa huko Ubelgiji, EM-DAT, ambayo huandika majanga tangu mwaka 1900. Mwaka 2020 watafiti wawili, Luke Harrington na Friederike Otto, waliifungua wakitafuta mawimbi ya joto Afrika kusini mwa Sahara. Wakakuta mawili tu katika zaidi ya karne nzima, yenye vifo 71 jumla. Ulaya, kwa miaka 40 tu kuanzia 1980, ilikuwa na mawimbi 83 na vifo zaidi ya 140,000.

24. Hebu tulia na hizo namba. Ama Mungu alitupa ngozi ya ajabu, ama kuna mtu hakuandika. Hifadhi ile huingiza janga likitimiza masharti kama vifo 10 au zaidi, watu 100 kuathirika, hali ya dharura kutangazwa au msaada wa nje kuombwa. Mzee akifia kwenye manyatta karibu na Lodwar, mwingine akifia Mandera, kila mmoja kivyake, nani atawajumlisha wafike 10?

25. Hapa ndipo lazima tuongee kuhusu daftari letu wenyewe. Usajili wa vizazi na vifo Kenya ulianza mwaka 1904, na ulianza na Wazungu. Mwaka 1906 ukaingiza Waasia. Mwafrika alihesabiwa kwa ajili ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, lakini kifo chake hakikuwa na safu. Usajili wa lazima ulifika nchi nzima mwaka 1971, miaka 8 baada ya uhuru. Kwa hivyo mtu akidai rekodi za joto za mababu zetu, mwambie aliyekuwa na kalamu hakutuandika.

26. Na leo? Wacha tusimlaumu mkoloni peke yake, ni zaidi ya miaka 60. Ripoti za serikali yetu zimeendelea kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya vifo, takriban nusu, haifiki kwenye usajili. Anayefia hospitalini huandikwa na hospitali. Anayefia nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, na sababu ni ile familia itakayosema: homa, presha, alianguka tu. Kibali cha mazishi kinatoka, maisha yanaendelea.

27. Sasa angalia ramani. Usajili wa vifo uko chini zaidi kaunti za kaskazini na kaskazini mashariki. Ni umbali, ni kuhama na mifugo, ni ofisi iliyo safari ya siku nzima, na kwa Waislamu maziko hufanywa haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hivyo maiti haina sababu ya kupita mochari. Na hizo ndizo kaunti zenye jua kali kuliko zote. Pale joto linapochoma zaidi ndipo kalamu ilipo mbali zaidi. Kwangu mimi, huu ndio moyo wa uzi wote.

28. Kuna mahali tumewahi kuhesabu vizuri. Kilifi kuna mradi wa kufuatilia kaya tangu mwaka 2000. Nairobi, mitaa ya Korogocho na Viwandani ilianza kufuatiliwa kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000: kila kaya inatembelewa, na mtu akifa, familia huulizwa maswali ya kina kuhusu dalili ili madaktari wakadirie sababu. Watafiti walipolinganisha vifo vya mitaa hiyo na hali ya hewa, kilichojitokeza kwa nguvu ni baridi: watoto chini ya miaka 5 na watu wa miaka 50 na zaidi ndio walioumia zaidi.

29. Nimeweka hiyo makusudi, ingawa haimfurahishi mheshimiwa wa kwanza. Nairobi iko juu, Julai yake ni ya sweta, na mabati hayazuii baridi. Tulihesabu, tukapata jibu letu wenyewe, na jibu hilo ni la Korogocho na Viwandani. Halikuambii chochote kuhusu Wajir. Halikuambii chochote kuhusu Mombasa, ambapo unyevu hufanya jasho lishindwe kukauka.

30. Na hata Nairobi kuna la kujifunza. Watafiti waliweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru katika msimu wa joto wa 2015 na 2016. Wakakuta joto la mitaani liko juu ya lile la kituo rasmi cha Dagoretti. Kituo kiko uwanjani penye nyasi na hewa, mtu yuko ndani ya chumba cha mabati chenye dirisha moja ama hakuna. Kwa hivyo hata ile nusu ya kwanza ya mstari, yaani joto lenyewe, tunaipima mahali ambapo watu hawalali.

31. Utauliza, kwani kuhesabu kutamrudisha nani? Tuna njaa, hakuna dawa, na wewe unataka madaftari? Naielewa hoja hii, na naiheshimu kuliko zile nyingine. Jibu langu ni Ahmedabad. Hakuna mji ungeshusha wodi ya watoto kutoka ghorofa ya juu bila mtu kuonyesha kwamba watoto wa ghorofa ya juu wanaugua zaidi. Bajeti hufuata namba. Kifo kisichoandikwa hakina mstari kwenye bajeti.

32. Kuna pesa pia. Novemba 2022 huko Sharm el-Sheikh nchi zilikubaliana kuunda mfuko wa hasara na uharibifu, na Nairobi ikaandaa mkutano wa tabianchi wa Afrika Septemba 2023. Viongozi wetu hubeba hoja ya vifo kwenye vyumba hivyo. Lakini ukifika mezani kudai fidia ya watu wako, ukiulizwa wangapi, wapi, lini, na ukajibu kwa namba ya dunia nzima ya mwaka 2014 uliyoisoma vibaya, unaonekana mtu wa kuomba, si mtu wa kudai.

33. Nani afanye? Hapa ndipo kila mtu hutupa mpira. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, huduma za afya za kaunti, pamoja na makaburi na mochari, ni kazi ya kaunti. Usajili wa vifo uko kwa serikali ya kitaifa. Vipimo vya joto viko kwa Idara ya Hali ya Hewa, nayo ni ya kitaifa. Kwa hivyo maiti iko kwa gavana, cheti kiko Nairobi, na joto liko kwa idara ya tatu. Hakuna anayeketi siku moja na kuyaweka hayo matatu kwenye ukurasa mmoja.

34. Na si kazi ya roketi za mwezini. Ni vitu vinne ambavyo mwananchi anaweza kudai bila kusubiri mkutano wa dunia:
- Kila mochari ya umma itoe idadi ya miili inayoingia kwa siku, na umri. Majina hayahitajiki.
- Naibu wa chifu aweze kutuma taarifa ya kifo kwa simu siku hiyo hiyo.
- Vipimajoto viwekwe pia mitaani, sokoni na kwenye wodi, si uwanjani tu.
- Kaunti za joto kali ziwe na mpango wa joto ulioandikwa, wenye jina la ofisi inayowajibika.
Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kitumie.

35. Sasa tuwarudie waheshimiwa wetu. Wa kwanza akisema 250,000, muulize: kati ya hizo za joto ni ngapi, na za kaunti yako ni ngapi? Wa pili akisema nionyesheni cheti, muulize: kaunti yako inasajili vifo vingapi kati ya kila 10, na mara ya mwisho umeangalia namba za mochari wiki ya joto ni lini? Wakijibu, tuleteeni majibu hapa chini, pamoja na jina la kaunti. Wakikosa jibu, hilo nalo liandikeni.